Ufunguo Ndani ya Bahasha

Kilichomfumbua macho Bi Kuwabara Shizue ni ndara zake za ndani. Kila alipotoka kwenda kwenye bafu la mtaa, saa tisa alasiri, alizivua kizingitini huku akitembea, zikabaki zimeelekea mlangoni, moja mbele moja nyuma, kama zilizotaka kumfuata. Ijumaa moja ya mwezi wa Oktoba alirudi na beseni lake, nywele bado mbichi, akazikuta zimepangwa sambamba na kugeuzwa kuelekea ndani, tayari kupokea miguu ya anayeingia.

Alisimama akizitazama. Mtu aliyelelewa vizuri hapiti viatu vilivyotupwa ovyo bila kuvigeuza. Mkono hufanya wenyewe, kichwa hakina habari. Mwizi asingezigusa. Aliyeingia alikuwa mtu wa adabu, tena mwenye ufunguo, na mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu: Bwana Nagase, mwenye nyumba, aliyekaa chumba cha chini kabisa, karibu na ngazi.

Bi Kuwabara alikuwa na miaka sabini na minne. Alipokuwa na kumi na mitano alipandishwa treni na wenzake kwenda kwenye kiwanda cha nyuzi, wakalala wasichana kumi na wawili chumba kimoja, na msimamizi wa bweni akawa anazifungua barua zao kabla hawajazisoma. Kutoka bwenini aliolewa. Kwa mama mkwe milango ilikuwa ya karatasi, ya kusukuma, na mama mkwe hakuwa na habari ya kubisha. Alifungua makabati ya mkaza mwanawe kama anavyofungua sufuria lake. Hawakujaliwa watoto. Mume alipofariki, nduguze waliiuza nyumba, na yeye akabaki na masanduku mawili na muhuri mdogo wa jina lake.

Madalali saba walimwambia samahani. Bibi wa umri ule, peke yake, nani atampangisha? Akianguka akafa ndani, chumba kinabaki na jina baya. Wa nane ndiye aliyempeleka kwa Bwana Nagase, kwenye jengo la mbao la ghorofa mbili, vyumba sita, ngazi ya chuma nje, bila bafu. Siku ile alipoingia alifunga mlango, akafungua, akafunga tena. Ulikuwa mlango wa kwanza maishani mwake alioufunga kwa ufunguo kwa mkono wake. Alikaa sakafuni akausikiliza ukimya jinsi mama anavyosikiliza pumzi za mtoto aliyelala.

Ndiyo sababu ndara mbili zilimtoa machozi, yeye ambaye hakulia hata mazikoni.

Angesema nini, na huko nje kulikuwa na madalali saba? Siku za bafu zilikuwa Jumanne na Ijumaa, na sasa alipokuwa majini aliona ndara zile machoni. Akaanza kuficha vitu. Nguo za ndani alizianika kabatini, zikanuka uvundo. Picha ya marehemu mumewe aliigeuza ukutani. Chumba chake mwenyewe akawa anakitembelea kama mgeni.

Jumanne moja ya Novemba alifika bafuni akakuta pazia la mlangoni, dalili kwamba pako wazi, halijatundikwa. Tanuri lilikuwa limeharibika. Akageuza njia, akapanda ngazi polepole na beseni mkononi, akausukuma mlango wake, na ndani ya kizingiti akakuta viatu vya mwanamume. Vimepangwa vizuri. Vimeelekea nje.

Bwana Nagase alikuwa ndani na soksi zake za kijivu, amesimama mbele ya jokofu, pakiti ya maziwa mkononi, ameisogeza mbali na macho ili asome tarehe.

"Kuwabara-san," alisema. "Nilidhani uko bafuni."

"Nilikwenda. Wamefunga." Na kwa kuwa bado alikuwa ameyashika maziwa, akamwuliza, "Yanaisha lini?"

"Tarehe kumi na nne."

"Basi bado yanafaa."

Aliyarudisha taratibu, akafunga jokofu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mabega yameinama, aliyerithi jengo kwa mama yake pamoja na matatizo yake. Akaeleza akiitazama sakafu. Kiangazi kilichopita Mzee Tokita wa chumba namba mbili alikufa, na hakuna aliyejua kwa siku kumi na moja. Magazeti yalirundikana mlangoni, na Bwana Nagase alikuwa akiyapita kila asubuhi akidhani mzee kasafiri.

"Mimi ndiye niliyefungua," alisema. "Sitaki kufungua tena vile. Nikiona maziwa mapya, najua unakula. Natoka. Sigusi kitu."

Alimwinamia mara mbili, akavaa viatu. Bi Kuwabara naye akainama, na akiwa bado ameinama akamwambia maneno ambayo mama yake alimfundisha kumwambia kila mgeni:

"Samahani kwa chumba kuwa shaghalabaghala."

Mlango ulipofungwa ndipo alipoyasikia maneno yake. Amemwomba radhi mtu aliyeingia bila hodi. Uso ukamwaka moto kana kwamba kapigwa kofi. Kuingiliwa chumbani angekumeza, alikuwa amemeza miaka mingi. Ile samahani haikumezeka.

Kesho yake alikwenda kwa Bi Orihara, mama wa mtaa aliyepewa kazi ya kuwatazama wazee, mwenye sauti ya muuza samaki na daftari lisiloandikwa kitu. Bi Orihara alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kama kodi analipa. Akajibu hajawahi kuchelewa.

"Basi yeye ana nyumba, wewe una chumba," alisema Bi Orihara. "Sheria iko hivyo. Bomba likipasuka, au moshi ukitoka, aingie, hata mlango avunje. Siku nyingine zote akuombe, na wewe ukubali. Maziwa hayajawaka moto."

"Akinitoa je?"

"Kwa kosa gani? La kutaka apige hodi?"

Walikutana watatu sebuleni kwa Bi Orihara, meza fupi ya kuotea moto katikati, bakuli la machenza juu yake. Bwana Nagase alimenya chenza moja muda wote ule na hakulila. Bi Orihara ndiye aliyesema zaidi. Alieleza kwamba ng'ambo ya mto wazee hutundika kitambaa cha njano mlangoni kila asubuhi kuonyesha kuwa wameamka salama, na jioni hukitoa. Bi Kuwabara afanye vivyo hivyo kabla ya saa nne, na mwenye nyumba akitazame kikiwa nje, akiwa kule chini kwenye ngazi.

Bwana Nagase aliwaza. "Na ukifa?"

Bi Orihara alikohoa, lakini Bi Kuwabara hakukasirika. Lilikuwa swali la haki.

"Utaona kitambaa hakipo."

"Na ukisahau?"

"Utapiga hodi."

"Na usipojibu?"

Hapo ndipo Bi Kuwabara alipotoa bahasha kwenye mkoba. Hilo alilifikiri mwenyewe, hakuna aliyemfundisha. Alimwomba ule ufunguo wa akiba, akautia ndani, akagundisha gundi, kisha akatoa muhuri wake, akaubonyeza kwenye wino na kuugonga juu ya maungio ya karatasi, mara tatu, nusu ya jina huku na nusu kule. Akaipuliza ikauke.

"Hapo utachana," alisema, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Ila nitajua."

Tangu siku ile hakuna aliyeingia. Kila tarehe mosi Bwana Nagase alipanda ngazi, akabisha, akarudi hatua moja nyuma, akamwonyesha bahasha.

"Nzima," alisema.

"Naam, nzima," alijibu.

Akashuka.

Theluji ilikuja mapema mwaka ule, ikafunika mabati na kuziba njia. Bi Kuwabara aliigeuza picha ya mumewe ikatazama chumba. Nguo akazianika dirishani. Kila alichokiacha mahali alikikuta palepale: miwani juu ya gazeti, kijiko kwenye kikombe, ndara kizingitini, moja mbele moja nyuma. Siku za kwanza alifurahi kuziona hivyo, akazivaa akicheka peke yake. Baadaye aliziona tu. Zilikuwako siku ambazo sauti yake ya kwanza kwa siku nzima ilitoka bafuni, akimsalimu mkata tiketi, na ikatoka ikiwa imekwaruza. Januari ilipita na "nzima" moja. Februari nayo moja.

Asubuhi moja ya Machi theluji ilikuwa inayeyuka, na maji machafu ya paa yalikuwa yametiririkia kitambaa usiku kucha, maana jioni alisahau kukitoa. Alipokichukua kilikuwa na madoa ya kahawia. Aliona aibu kutundika uchafu mlangoni, jirani atasema nini? Akakifua kwa sabuni, akakikamua, akakitandaza kwenye kamba juu ya jiko la mafuta. Saa mbili na nusu. Kitakauka kabla ya saa nne, aliwaza, akaketi kukingoja.

Hakikukauka. Saa nne ikapita, na yeye akawa anatazama matone yanavyoanguka kwenye bati la jiko na kuchemka. Ndipo aliposikia ngazi ya chuma inalia.

Hatua zilikuja haraka, zikasimama. Mlango ukabishwa.

"Kuwabara-san?"

Alifungua kinywa ajibu, na hakujibu. Haikuwa ubaya wala hila. Msimamizi wa bweni hakuwahi kungoja nje ya mlango. Mama mkwe hakungoja. Sasa mtu alikuwa amesimama pale, ubao wa inchi moja kati yao, ameita jina lake na ananyamaza ili asikie.

"Kuwabara-san, ni Nagase. Kitambaa hakipo."

Tone likachemka jikoni. Karatasi ikakwaruza, bahasha imetoka mfukoni. Alijikuta ameshika magoti yake mwenyewe kwa nguvu. Atachana? Atangoja? Alitaka kujua, hata kama ni dhambi.

"Nitachana sasa," alisema mtu wa nje, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayejizuia kulia mbele ya wageni. "Unanisikia? Nachana."

"Usichane," alisema Bi Kuwabara. "Nipo. Kitambaa kimelowa."

Kisha akasikia mtu ameketi kwa kishindo kwenye ngazi.

Alipofungua, Bwana Nagase alikuwa ameikumbatia bahasha. Kona moja ya karatasi ilikuwa imechanika, upana wa ukucha. Muhuri ulikuwa mzima.

"Nimechana kidogo," alisema.

"Naona."

"Haikufika kwenye jina."

"Haikufika." Akamwinamia, chini kuliko siku zote. "Nimekutesa, mwenye nyumba. Ingia unywe chai."

Alishangaa jinsi neno lile lilivyokuwa jepesi. Ingia. Katika miaka sabini na minne hakuwa amewahi kumwambia mtu hivyo, kwa sababu wote walikuwa wameshaingia.

Bwana Nagase alikitazama kizingiti, akazitazama ndara zilizolala pale, mkono ukamcheza kidogo kuelekea kwazo, akaurudisha. "Hapa panatosha," alisema. Akaketi ukingoni, kwenye saruji ya kuvulia viatu, viatu vyake miguuni.

Kikombe cha chai kilikuwa kimoja. Alimpa yeye, mwenyewe akanywea bakuli la wali. Mgeni aliliona hilo akageuza macho, akasema theluji ya mwaka huu imeharibu mfereji wa upande wa kaskazini. Bi Kuwabara akasema ndiyo, ameusikia unavuja. Wakanywa. Alipomaliza aliweka kikombe chini kwa mikono miwili, akashukuru, akasema fundi anamngoja, akashuka.

Bi Kuwabara alikiosha kikombe, akaliosha bakuli. Kwenye saruji zilibaki alama mbili za viatu, zimejaa maji ya theluji. Alichukua tambara azipanguse, akasita, akalirudisha tambara kwenye ndoo. Kisha akakitoa kitambaa kwenye kamba, kibichi vile vile, akakitundika nje mlangoni ingawa saa tano ilikuwa imeshapita.