Swali la Nyumba

Hasira hii nimekaa nayo miaka mingi kuliko nilivyokaa na mke wangu, na sioni haya kusema hivyo.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa nguo mjini Kisumu, kwenye baraza la duka la Mhindi. Polio ilinichukua miguu nikiwa mtoto, kwa hiyo nilishonea cherehani ya mkono wakati wenzangu wakikanyaga zao. Wateja walinisifu mbele yangu na kunihurumia nikigeuka. Kola zangu zilikaa sawa, na hilo ndilo nililolijali.

Tulikuwa na chama chetu cha vilema. Ndivyo tulivyoitwa, na ndivyo tulivyojiita. Tulikutana Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, na Jumamosi moja akaja mhadhiri wa chuo kikuu kutoka Nairobi, mtu wa ziwani kama sisi, kalamu tatu mfukoni. Alisema neno lililotufurahisha wote. Utafiti huu hatatufanyia, atafanya pamoja nasi. Sisi wenyewe tutatunga maswali, sisi wenyewe tutakwenda kuyauliza kwenye maboma, ijulikane vilema wanaishije na nini kifanyike ili wawe watu kati ya watu. Nikaamini. Nilikuwa nimechoka kuulizwa, nikataka na mimi niulize.

Swali langu lilikuwa moja tu. Kwetu kijana akishakua hujenga simba, nyumba yake mwenyewe karibu na lango la boma la baba yake. Bila simba huoi, wala huna pa kumketisha mgeni. Wana hujenga kwa kufuatana, mkubwa kwanza. Mdogo wako akikutangulia, umerukwa, na aliyerukwa hana tena nafasi ya kurudia. Mimi ndiye mwana wa kwanza wa baba yangu. Nilikuwa na ndevu, nilikuwa nimemsomesha mdogo wangu kwa cherehani ile, na kila nilipokwenda nyumbani, kule Kano upande wa Ahero, nililala jikoni kwa mama yangu kati ya kuni na kuku. Na kiangazi kile mdogo wangu alikuwa amekwisha kata nguzo za simba yake.

Kwa hiyo nikasema tuulize: kilema wa boma hili ana nyumba yake?

Aliyeniunga mkono alikuwa mama mmoja asiyeona, mfumaji wa sweta kutoka Nyakach, mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake. Mhadhiri alikunja uso.

"Bwana fundi, hiyo ni mambo ya mila. Sisi tunauliza magongo, viti vya magurudumu, mafunzo ya kusuka vikapu."

"Wewe simba yako iko?" mama akamwuliza.

"Iko, lakini..."

"Basi ngoja kwanza."

Hakungoja, tulibishana mpaka jioni, lakini swali lilibaki. Akaliweka mwisho kabisa, mahali ambapo watu huwa wamechoka kujibu. Kilichoniuma si kwamba hakuelewa. Alielewa vizuri sana.

Mimi na mama yule tulipangiwa maboma ya Kano. Tulipewa Landrova na dereva, kijana mzima wa viungo, ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha tu. Maskini, akawa ndiye anayejibiwa. Tuliuliza sisi, wenye maboma wakamjibu yeye, huku wakimtazama usoni kama kwamba sisi tulikuwa mizigo aliyoshusha. Na tulipofika kwenye swali la nyumba walicheka. Nyumba ya nini? Anakula, anavaa, hapigwi. Mama alikuwa akinibana mkono kila tuliposikia hivyo, nami nikambana wake. Nilitamani kumpiga mtu gongo.

Kisha tukafika kwetu. Tulikubaliana kwamba mama wa Nyakach ndiye atauliza. Baba yangu alikuwa kwenye kiti chake chini ya upenu wa nyumba, na kaka yake mkubwa alikuwa amekuja kumtembelea.

"Mzee, katika boma hili kuna kilema?"

Baba akamtazama dereva. "Yuko mmoja. Huyo mmekuja naye."

"Yeye ana nyumba yake?"

"Anakaa Kisumu."

"Sijauliza Kisumu, Mzee. Hapa kwa baba yake."

Baba akavuta ugoro taratibu. "Hatujamnyima. Siku yake ikifika tutamjengea. Mwanamume hazikwi bila nyumba, hata huyu."

Mgeni huenda asielewe. Kwetu mwanamume akifa hana nyumba, hujengewa kibanda cha haraka, maiti ipate pa kulala kabla ya kuzikwa. Hiyo ndiyo nyumba aliyoniwekea baba yangu. Tena hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja wema wake mbele ya wageni, na hapo ndipo damu iliponichemka. Angenitukana ningevumilia.

Nikajikokota na magongo yangu mpaka karibu na lango, mahali pa mwana wa kwanza, ambapo nguzo za mdogo wangu zilikuwa zimelundikwa. Nikakaa juu yake.

"Basi nimekufa," nikasema. "Nimekufa leo. Jengeni."

Baba hajafumbua mdomo, mama yule wa Nyakach akapiga nduru. Si nduru ya kuita watu tu, ilikuwa ile ya msiba, ambayo haipigwi bure kwenye boma la mtu. Majirani wakaja mbio kutoka mashamba ya mpunga, matope mpaka magotini, wanawake wameshika vichwa.

"Nani? Nani amekufa?"

"Mimi," nikawajibu. "Nangoja nyumba."

Hakuna aliyecheka. Baba aliinuka kitini. Akaniambia nimemwaibisha mbele ya watu, nikamwambia aibu ilikuwa hapa kabla watu hawajafika. Baba yangu mkubwa ndiye aliyesimama katikati yetu. Alisema nduru imekwisha lia, haiwezi kurudishwa kinywani, kwa hiyo wachague: wanizike au wanijengee. Kisha akamwambia mdogo wangu alete jembe.

Mdogo wangu alichimba shimo la nguzo ya kwanza bila kunitazama. Nguzo zilikuwa zake. Baadaye alikata nyingine akajenga baada yangu, kama inavyotakiwa, na mpaka leo salamu zetu ni fupi.

Mhadhiri alikuja baada ya mvua za masika, ripoti yake ikiwa imekwisha. Nilimketisha ndani ya simba yangu, kwenye kiti changu, nikampa chai. Alisema chuo kinapendekeza mafunzo ya vikapu. Nikamwuliza juu ya swali letu.

"Nimeondoa. Na hii boma yenu pia nimetoa yote. Mtafiti aliingilia majibu, sasa haihesabiki."

"Mtafiti gani?"

"Si wewe, bwana?"

Miezi yote ile aliniita fundi. Mbele ya wakubwa zake, siku waliponitembelea pale barazani, aliniita mmoja wa vilema wetu. Siku ya kunifuta ndiyo siku niliyokuwa mtafiti.

Nikamwambia amalize chai, atoke, na mlango aufunge vizuri kwa sababu bawaba bado mpya. Alinitazama kama hakusikia. Nikarudia. Jikoni kwa mama yangu nisingeweza kumfukuza mtu. Pale niliweza.