Kipimo Kisicho na Jina

Ndani ya nyumba yake mwenyewe, mshonaji alitembea ubavu kama kaa. Kutoka mlango wa mbele hadi chumba cha kulala palibaki kichochoro chembamba. Kushoto yalipangwa makasha ya risasi, risasi zenyewe zilikwisha toka siku nyingi, sasa yamejaa swichi na taa ndogo za kijani. Kulia zilikaa simu za vitani zenye mkono wa kuzungusha, kofia za chuma zilizopandana kama masufuria, na juu yake, safu kwa safu karibu na dari, vipimo vya ndege: vya kimo, vya mwendo, vya mafuta, dira zilizoelea katika spiriti yake, na saa ambazo hakuna rubani aliyezitazama tena. Mgeni akija aliombwa avute tumbo. Wanene waliongea kupitia dirishani.

Vyote vilikuwa vya mumewe. Alikuwa fundi redio maisha yake yote, na mtaa mzima ulimwita Rubani, ingawa ndege alizozishika zilikuwa chini, tena zimeshakatwa vipande. Kambi ya zamani ya jeshi la anga ilipofungwa na mali yake kupigwa mnada, wenzake walinunua mahema, majenereta na madumu. Yeye alirudi na gunia la vipimo, akaliweka katikati ya chumba taratibu, kama mtu aliyeleta bibi harusi. Mkewe alicheka siku ile. Hakujua kwamba gunia nalo huwa na ukoo.

Ukoo huo ukaja, mmoja mmoja, mikononi mwa Sumaku, muuza chuma chakavu wa mtaa wa nyuma. Sumaku alikuwa na tabia ya kupiga kelele tangu njiani: "Shemeji, fungua mlango, nimekuletea mgonjwa mwingine." Rubani angemweka mgonjwa huyo mezani, amfute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, amgeuze nyuma, ahesabu matundu ya mabomba, apulize katika bomba moja kwa pumzi ya kupoza uji wa mtoto, si zaidi. Mshale ukinyanyuka, alijua ni kipimo cha mwendo. Usiponyanyuka, aliuliza maswali mengine. Mwisho alifunga kikaratasi kwa uzi aliouomba kwa mkewe, chenye maneno matatu ya kujazwa: jina, kazi, hali. Kipimo cha kimo. Kumwonyesha rubani yuko juu kiasi gani. Kizima.

Kisha kiharusi kikamwangusha fundi, mkono na mguu wa kulia vikafa, mdomo ukaenda upande. Akili ikabaki palepale ilipokuwa, na ulimi ukabaki na maneno yake, ila uliyatoa moja moja, kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano.

Binti yao, aliyeolewa katika mji mkubwa, alikuja na mumewe na gari la mizigo. Nyumba yao ilikuwa na chumba cha chini chenye mlango mpana. "Baba, twendeni. Mama peke yake hawezi kukugeuza kila siku."

"Nitahama," alisema Rubani, na wote walisikia, Sumaku naye akiwa dirishani, "siku kila kitu humu kitakapokuwa na jina. Kisicho na jina kikitoka mlangoni ni chuma tu. Huyu hapa atakiyeyusha."

"Hapo hajanisingizia," Sumaku alisema. "Mimi kisichojitambulisha sikihurumii."

Mkwe, kijana mwenye nguvu na adabu, alijaribu kumbeba hivyohivyo. Rubani alishika ukingo wa kitanda kwa mkono wake mzima, na hakutia kitu mdomoni mpaka aliposikia gari linaondoka. Baada ya hapo hakuna aliyejaribu tena. Chuo kimoja cha ufundi kilikubali kuchukua mkusanyiko wote, mradi kila kimoja kiwe na kikaratasi chake. Basi ikabaki kazi ya kutaja majina, na mikono ya kuifanya ilikuwa ya mke.

Kila alasiri alisukuma cherehani pembeni, akakaa ukingoni mwa kitanda na kipimo mapajani.

"Nyuma kuna mabomba mangapi?" mumewe aliuliza.

"Mawili."

"Puliza. Kidogo. Usipulize kama unawasha mkaa."

"Mzee, nimekuwa nikiwapulizia uji wanao kabla hujajua ndege ina mkia."

Alijifunza. Zile alasiri za mwanzo zilikuwa na utamu wake, angekataa angedanganya. Lakini rundo lilipokuwa linapungua kwa mume, kitu kingine kilikuwa kinapungua kwake. Alianza kugonga mabega kwenye makasha aliyoyakwepa miaka mingi. Uzi mweusi uliingia sindano kwa kubahatisha. Daktari wa macho wa zahanati alimwambia ni presha ya macho, inayokula kuanzia pembeni. "Kilichokwisha potea hakirudi, mama. Tunachoweza ni kuokoa kilichobaki, na upasuaji huo uko hospitali ya mji mkubwa. Usikawie." Alipewa siku ya kwenda. Ikapita. Nani angemgeuza Rubani, amwogeshe, amlishe? Sumaku angeweza kumchekesha, zaidi ya hapo hapana. Akapewa siku nyingine, na ya pili hii ilikuwa Jumatatu inayokuja. Kwa mumewe alisema tu kwamba macho yanamsumbua kidogo. Hakutaka kuweka maradhi mawili kitanda kimoja.

Kufikia wiki hiyo vitu vyote vilikuwa na vikaratasi, isipokuwa kimoja.

Kilikuwa cheusi, duara, kizito kuliko ukubwa wake. Usoni kilikuwa na mishale miwili na namba za kwenda juu na kushuka chini, kama kipimo cha ndege inayopaa na kutua. Nyuma kilikuwa na mabomba mawili, kama kipimo cha mwendo. Mbele, chini ya kioo, kilikuwa na kifundo cha kuzungusha, kama kipimo cha kimo. Alama ya kiwanda haikuwepo. Ukipuliza, mishale yote miwili ilikaa kimya.

"Kimeziba," Rubani alisema. "Usilazimishe."

"Nikifungue?"

"Hapana. Ukifungua unaharibu ushahidi."

Binti alipeleka picha kwa fundi mmoja wa ndege aliyestaafu. Jibu lilikuja kwamba hajawahi kukiona, labda ni cha ndege ya majaribio. Rubani aliposomewa jibu hilo, jicho lake zima lilimeta. "Umeona? Hiki kinahitaji subira."

"Subira nimeila mpaka nimefika sufuria," mkewe alijibu.

Alhamisi binti alipiga simu. "Mama, mwache na mtu yeyote. Siku tatu tu."

"Mtu yeyote ndiye nani, mwanangu? Nitajie, nikamwite."

Mshonaji aliweka simu chini, akatazama kichochoro. Siku hizi alikiona kama anachungulia tundu la ufunguo: mlango wa mbele uko kule mwisho, mdogo, na giza limeukaba pande zote. Alijiuliza ni mtu wa namna gani anayefungiwa nyumbani na kipimo kimoja kibovu.

Ijumaa mchana alikaa na kile kipimo mapajani, macho yamechoka, akayafumba. Mumewe alikuwa anasinzia. Kidole gumba cha mshonaji kilitembea chenyewe mgongoni mwa kipimo, juu ya skrubu nne. Ya kwanza, mfereji wa kichwani umesimama wima. Ya pili wima. Ya tatu. Ya nne.

Alifumbua macho, kisha akayafumba tena, maana kidole kilikuwa kimemzidi macho. Alikuwa ameshika migongo ya vipimo mamia. Skrubu za kiwandani husimama pale zinapokazika, hii inatazama mlango, ile dirisha, kama watu wasiosalimiana. Lakini hizi zilisimama mstari, zote zikitazama juu.

Alinyoosha mkono kwenye cherehani. Bamba la chini, mumewe alilitengeneza wakati binti yao akinyonya. Skrubu mbili: wima, wima. Akaenda ubavu hadi kwenye redio ya sebuleni, akapapasa mgongo wake. Wima zote. Ilikuwa desturi ya Rubani tangu ujana. Alipomaliza kukaza, alirudisha bisibisi robo au akaongeza robo mpaka mfereji usimame, ili akiuona umelala ajue mtu mwingine amefungua. Mtu huyu angeweza kudanganya mtaa mzima, lakini hawezi kuacha skrubu imelala.

Alirudi na bisibisi.

Rubani aliamka kwa mlio wa skrubu ya kwanza ikiangukia kisahani. Aliitazama mikono ya mkewe. Kifuniko kilipotoka, bomba moja lilikuwa limepachikwa kwa gundi tu, haliendi popote. Chemchemi ilikuwa ya saa ya mezani. Na katikati, kubeba mhimili wa mishale, palikuwa na kikombe kidogo cha chuma chenye vidoti.

"Subana yangu," mshonaji alisema.

Aligusa vidoti vya kile kikombe, alichokuwa akivaa kidoleni kuzuia sindano.

"Subana yangu, mzee. Nimemsingizia jirani. Mpaka leo hanisalimii yule mwanamke."

"Ilikuwa... kipimo chake sawasawa," mumewe alisema.

"Ndege hii ilianguka wapi, Rubani?"

"Ilikuwa mzaha. Wa kumfanyia Sumaku. Anajifanya anajua. Nilitaka nimwone akihangaika. Kabla sijaugua." Alizitazama skrubu kisahanini. "Halafu binti akasema tuhame."

"Ukaona mzaha umepata kazi."

"Kule kwake nitakuwa gunia pembeni ya ukuta. Watoto wataambiwa wasinipigie kelele. Humu hata nikilala, kila kitu kinaniuliza mimi. Hiki ni nini, Rubani. Kile ni nini."

"Na mimi?" alisema mkewe, kwa sauti ileile ya kuulizia bei ya kitambaa. "Mimi humu ndani nani ananiuliza?"

Mkewe alimshika ule mkono mzima, akaunyanyua, akauweka kando ya uso wake mwenyewe, usawa wa sikio. "Sogeza mbele. Polepole, kama unavyopuliza. Nitakwambia nikiuona."

Mkono ulisogea. Ulipita sikio, ukapita shavu. Ulifika karibu na ncha ya pua ndipo aliposema, "Huo sasa."

Rubani aliuacha pale hewani.

"Ulisema kidogo," alisema.

"Nilisema kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza yale makasha ya chini. Jumatatu wananingoja kwa mara ya pili. Hakuna aliyeniahidi ya tatu."

Nje mtu aligonga nyundo bati, akaacha. Fundi alitazama dari, akatazama safu za vipimo vilivyofungwa vikaratasi, na ule upande wa uso usio na uhai ulikaa hivyohivyo, lakini ule mwingine ulifanya kazi ya pande mbili.

"Leta kikaratasi," alisema.

"Cha nini?"

"Leta. Andika."

Alileta, akakiinamia mpaka kikaingia kwenye tundu lake la kuonea.

"Jina," Rubani alisema. "Hakuna. Kimeundwa nyumbani." Akangoja kalamu ifike. "Kazi. Kuchelewesha safari."

Kalamu ilisimama, ikaendelea. "Na hali?"

"Kibovu."

"Kibovu wewe," alisema mkewe, na hilo hakuliandika. Alifunga uzi mafundo mawili. Subana aliitoa, akaivaa kidoleni, ikakaa kama haikuwahi kuondoka.

Mkwe alifika Jumapili asubuhi. Kitanda kisingeweza kupita mpaka vitu vitoke kwanza, hivyo Sumaku na gari lake la kusukuma walianza mapema, wakipeleka makasha kwenye lori la chuo lililoegeshwa barabarani. Kipimo cheusi kilipita mkononi mwa Sumaku, akasoma kikaratasi, akasoma tena.

"Mimi nilikitambua hiki siku nyingi," alisema.

"Muongo mkubwa," Rubani alisema kutoka kitandani, na kwa mara ya kwanza wiki ile alionekana ana njaa.

Alipokwisha pakiwa kwenye gari la mkwe, mito pande zote, aliulizia mkewe. Mke alikuwa amerudi ndani kuchukua cheti cha daktari. Kupitia mlango uliokuwa wazi Rubani alimwona akitoka chumbani. Sebule ilikuwa tupu, ukuta hadi ukuta, sakafu ina alama za makasha. Yeye alikuwa anakuja ubavu, mkono mmoja mbele, bega limekunjwa, akikwepa rafu ambazo hazikuwepo.

"Njoo moja kwa moja," Rubani alimwita. "Vimetoka vyote. Njia nyeupe."

"Najua," alisema, na hakubadilisha mwendo. "Nimeambiwa."