Kisanduku cha Chumba cha Mashuka

Mfikirie akiingia getini mwa zahanati, mkoba wa vifaa begani, kompyuta ndogo kwapani, akitembea upesi kama mtu aliyeitwa na mgonjwa. Mlinzi anampigia saluti ya utani: "Injinia! Tusaidie leo, mtandao umelala usingizi wa pono." Injinia anacheka, lakini macho yake yanalikwepa dirisha la mapokezi. Pale alipozoea kukaa Mama Karibu, leo kuna kiti kitupu.

Mama Karibu wamemwita hivyo kwa sababu alimkaribisha kila mtu, hata aliyepotea njia. Ndiye aliyemwombea huyu fundi kazi wakati hana mbele wala nyuma. Hata hilo jina la Injinia halikutoka chuoni; mama ndiye aliyempachika, nalo likamkaa kama shati la kushonesha.

Sasa, tangu mashine ya eksirei ianze kutuma picha kwa kompyuta, mtandao ukawa unajikokota. Kikaoni msimamizi alimgeukia: "Injinia, tatizo ni nini?" Hakuwa amekagua chochote. Lakini jina kubwa lina tabu yake. Halimwachii mtu nafasi ya kusema sijui. Akakumbuka kwamba siku moja alimkuta mama akitazama video ya mjukuu wake akijifunza kutembea. Ulimi ukamponyoka: "Pale mapokezi kuna mtu anatazama video kutwa." Mama akainamisha kichwa. Asubuhi ya leo kahamishiwa chumba cha mashuka, akunje na kupanga.

Hapo nivumilie kidogo, msomaji wangu, nikueleze kazi yenyewe. Swichi ni kile kisanduku cha matundu kinachounganisha kompyuta. Visanduku vikiunganishwa kwa mzunguko, ili waya mmoja ukikatika mwingine ushike kazi, lazima kimoja kiwe mkubwa wa wenzake na njia moja ifungwe. La sivyo ujumbe utazunguka weee mpaka mtandao uzimie. Mpangilio huo mafundi huuita spaningi trii. Fundi ndiye wa kumchagua mkubwa, kwa kumpa namba ndogo kuliko wenzake. Asipochagua, visanduku huchaguana vyenyewe kwa anwani vilizopewa kiwandani, mwenye ndogo ndiye mkubwa, na mara nyingi anayeshinda ni kikongwe. Injinia hakuchagua. Aliunganisha, taa zikawaka, akapigiwa makofi, akaenda zake.

Leo ndiyo kwanza akauliza swichi ya ofisini: mkubwa wenu nani? Ikamtajia anwani asiyoitambua. Akaufuata waya ukutani, kona kwa kona, ukamfikisha kwenye mlango ambao hakutaka kuufikia.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu, karibu! Afadhali umekuja. Hiki kidude chako huku juu kinachemka kama pasi. Nimekiondolea mashuka, kisije kikatuunguza."

Akatazama juu ya rafu. Kisanduku cha zamani, kimejaa vumbi. Alikitundika mwenyewe "kwa muda tu", akakivutia waya kutoka jengo la mbele na jengo la nyuma, kisha akakisahau. Akakigeuza, akasoma anwani iliyobandikwa chini. Ni ile ile. Kumbe kila picha ya eksirei ilipitia kwa huyu mzee anayehema, na waya mpya mzuri, uliokwenda moja kwa moja kati ya majengo mawili, ndio njia iliyofungwa, umekaa bure.

Alichuchumaa, akafungua kompyuta, akaipa swichi ya ofisini namba ndogo. Mstari mmoja tu. Mtandao ukakata pumzi kidogo, halafu kelele zikasikika ukumbini: "Imerudi! Picha hiyo, kufumba na kufumbua!"

Muuguzi akachungulia mlangoni. "Injinia, wewe ni moto! Na ulisema kweli, mama kaondoka asubuhi tu, mchana huu mtandao unakim..." Akamwona mama nyuma ya rundo la mashuka. Akajiziba mdomo, akatokomea.

Mama aliendelea kukunja. Pembe kwa pembe, akalipiga shuka pasi kwa kiganja.

"Basi kumbe ni mimi kweli," alisema taratibu. "Nilikuwa nabisha moyoni, mwanangu. Yule mtoto nilimtazama mara moja tu, lakini mambo ya mashine siyajui. Nisamehe, nimekutia tabuni."

Injinia alitamani mama amfokee, amwite mnafiki, ingekuwa nafuu.

"Mama..."

"Sema, baba."

Sauti ya msimamizi ikaita kutoka mwisho wa ukumbi: "Injinia! Njoo ofisini, tunakusubiri sote tukupongeze!"

"Nenda, usiwacheleweshe wakubwa," alisema mama. "Chomekea shati kwanza. Injinia mzima, vumbi tupu!" Akamgeuza, akampangusa mabega kwa shuka alilokwisha kulikunja, kisha akaanza kulikunja upya.

Akatoka. Mbele yake mlango wa ofisi uko wazi na makofi yameshaanza. Nyuma yake mlango wa chumba cha mashuka umerudishwa tu, na kitambaa kinasikika kikikung'utwa. Maneno ni yale yale, mawili matatu: nilikosea mimi. Amesimama katikati, kompyuta ameibana kwapani.

Ungekuwa wewe, ungeanza na mlango upi?