Senene wa Uchunguzi

Likizo hii niliongozana na watoto wa kambi moja ya Biharamulo mjini kwenda kujifunza mazingira huko Bisibo. Mtaalamu wa wadudu, mgeni kutoka Dar es Salaam, aliwagawia makopo.

"Nileteeni senene, tuwachunguze mabawa na miguu."

Baada ya nusu saa, binti wa miaka kama tisa alimkabidhi kopo kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo. Mtaalamu akachungulia. Senene walikuwa uchi kabisa, hawana bawa wala mguu.

"Mmewafanya nini?"

"Tumeshawanyonyoa, mwalimu. Bado kukaanga tu."

"Sasa nitafundisha nini?"

Binti akamwonea huruma. Akamvuta hadi kwenye jani la mgomba lililojaa mabaki, akaanza kuonyesha kwa kidole. "Mabawa ni haya, kila senene anayo manne. Miguu sita. Hii mirefu ya nyuma ndiyo ya kurukia. Usipoitoa, inakukwaruza koo."

Nimehudhuria semina nyingi zenye projekta na posho, lakini sijaona somo lililoeleweka namna ile. Mtaalamu naye alifunga daftari lake taratibu, akamwinamia binti.

"Chumvi mmebeba?"