Shemeji, Sanduku na Ngazi ya Tangi

Naweka dau na yeyote anayesoma hapa: hutaniamini. Weka hata kofia yako, nitaivaa. Nasema hivi: shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, mwanamke aliyeanza kazi kwa kuchapa barua za watu wengine, aliuingiza mtandao ndani ya chipu ndogo kuliko kitufe cha koti. Na mikono iliyoichomelea hiyo chipu ndiyo hii inayoandika. Shule niliacha darasa la sita, walimu wakapumua. Lakini nipe waya mbili na moto, utaniita profesa.

Wiki iliyopita wameniletea lile sanduku lenye chipu hiyo. Watu wa maji wamefunga mitambo mipya kule kwenye tangi lao la maji, wakaling'oa, na mmoja wao aliyenijua akalifunga kwenye gazeti akaja nalo hadi mlangoni. Nimeliweka mezani. Tangu hapo usingizi wa mchana umenikimbia, nakumbuka tu.

Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la viatu. Ukiingia, kushoto redio zilizopona, kulia redio marehemu, katikati mimi. Kaka alishughulika na spika. Kwenye kona, chini ya dirisha lenye kioo kilichopasuka, alikaa shemeji na kompyuta iliyotupwa na ofisi yake, tukaifufua sisi. Harufu ya risasi ya kuchomelea iliyoyeyuka ilichanganyika na gundi ya viatu vya jirani, mtu akitoka pale anatabasamu bila sababu. Leo wanauza makava ya simu. Juzi nimepita, nikasimama mlangoni kama mpelelezi. Muuzaji akaniuliza, "Baba, unatafuta kava?" Nikamwambia natafuta ujana wangu. Akaangalia rafu zake akasema, "Hiyo imeisha."

Shemeji hakusomea kompyuta popote. Alichapiwa hatima yake, au niseme aliichapa mwenyewe. Watu walimletea vitabu vya mitambo avichape upya, na yeye akawa anasoma huku anachapa. Vidole vinafanya kazi, kichwa kinakula. Alikuwa mtu wa maneno machache, kalamu zake zote hazina vifuniko kwa sababu alivitafuna akiwaza. Ukimwona ametafuna kifuniko hadi kimekuwa bapa, ujue kuna jambo linakaribia kueleweka. Mimi nikiwaza naongea. Ndiyo maana watu walinipa jina la Mdomo, ingawa mwenyewe nilijiita Mkono wa Dhahabu. Jina la pili halikushika, sijui kwa nini.

Sasa, baba yake shemeji alikuwa mlinzi wa tangi la maji la kilimani. Tangi limesimama kwenye miguu ya zege, na ubavuni ngazi ya chuma yenye vipandio sitini na viwili. Kila asubuhi na kila alasiri mzee alipanda, akachungulia ubao wa kupimia maji, akashuka, akapiga simu ofisini: mita mbili, mita tatu na nusu. Chini ya tangi kulikuwa na chumba kimoja, na ndicho alichoishi tangu shemeji hajazaliwa. Mkewe alifia mle. Alama za urefu wa shemeji akikua zilikuwa bado ukutani karibu na mlango, zimechorwa kwa msumari.

Lakini magoti ya mzee yalikuwa yamekwisha. Ukimsikia anapanda, hujui kinacholia ni ngazi au ni yeye.

Siku moja Injinia wa watu wa maji akaja karakana, ana kalamu tatu mfukoni na hata moja haina wino, najua kwa sababu aliniazima yangu. Akamwambia shemeji kwa upole, "Dada, mzee wetu hawezi tena. Mwisho wa mwezi tunaweka mtu mwingine. Na chumba, unajua, kinakwenda na kazi."

Shemeji akauliza, "Tangi likijisoma lenyewe je?"

"Likijisoma, mzee atakaa chini alinde lango tu, hatuna neno. Lakini vifaa vya namna hiyo vinataka kompyuta nzima kule juu. Kwa lile joto itaiva."

"Hatutaweka kompyuta. Tutaweka bodi."

Bodi tulikuwa nazo, vile vibao vyenye chipu vya kusoma boya linaloelea majini na kuwasha pampu. Injinia akaishika moja, akaigeuza. "Hii? Mashine yangu inaongea na vituo kwa mtandao. Hiki kidude kitaongea mtandao? Dada, mtandao ni tembo, na hiki ni kiberiti."

"Tembo tutamkata vipande," nikasema mimi. Kaka akanikanyaga mguu.

Ngoja nikueleze kazi ilivyokuwa, kwa lugha ya mtu wa darasa la sita. Kuna programu ya mtandao ambayo watu fulani waliiandika wakaigawa bure. Wasomi huita itifaki. Kwangu mimi ni adabu za mazungumzo: nani aanze, nani anyamaze, ukipokea useme nimepokea, usipojibiwa urudie. Zimepangwa kama ghorofa, chini kabisa waya, juu yake anwani, juu yake mazungumzo yenyewe. Tatizo, hiyo programu ilizoea kukaa kwenye kompyuta kubwa, kujinyoosha. Chipu yetu ilikuwa na kilobaiti thelathini na mbili za kuwekea programu, na mbili tu za kufanyia kazi. Barua moja ya mtandao ikijaa inakula moja na nusu. Yaani mgeni mmoja akikaa, nyumba imejaa.

Shemeji akatafuna vifuniko viwili. Siku ya tatu akasema, "Chungu kimoja."

"Nini, shem?"

"Barua ikiingia tunaisoma, halafu jibu tunaliandika humohumo juu yake. Hakuna cha kuingia na cha kutokea. Chungu kilekile."

Nikamwambia hata mimi nilikuwa nakaribia kulisema hilo. Akanitazama tu.

Akabandika ukutani kalenda ya mwaka uliopita, nyuma yake amechora visanduku thelathini na viwili, kila kimoja kilobaiti. Akihamisha kipande cha programu na kikakubali, anakipaka penseli. Ghorofa ya chini kabisa, ile inayopokea herufi kutoka kwenye waya, aliiandika mwenyewe mstari kwa mstari, maana kila chipu ina mlango wake na ufunguo wake. Saa nayo aliitengeneza, kwa sababu programu isipojua muda haijui imesubiri jibu kiasi gani. Mimi nilichomelea. Bodi ya kwanza ilitoa moshi, sitaki kulizungumzia. Ya pili ilikuwa maridadi, fundi yeyote angeitazama akatubu; hiyo tukaifungia ndani ya sanduku dogo.

Wiki ya tatu kalenda ikajaa penseli. Hakuna nafasi. Ikabidi kukata. Vikakatwa vipande vya kupokea barua ndefu zinazokuja kidogokidogo, vikakatwa vya kutafuta jina la mashine, na mwishowe kikakatwa cha salamu. Salamu ni hivi: mashine moja inauliza "upo?" na nyingine inajibu "nipo", basi, hakuna habari nyingine. Ikaonekana sanduku letu lina kazi ya kusema mita, si kupiga soga.

Ndani ya hiyo programu mlikuwa pia na mistari minne yangu. Ukichomeka kompyuta kwenye bodi, kabla ya yote unasoma: *Kazi hii imechomelewa na Mkono wa Dhahabu, fundi wa mafundi. Usiguse, hutaweza. Ukishindwa mtafute nyuma ya duka la viatu. Ukimkosa msubiri.* Shemeji alinung'unika kwamba inakula nafasi. Nikamwambia, "Shem, hata soksi ina jina la kiwanda."

Pale karakana sanduku lilifanya kazi kama mchezo. Tukiuliza mita kutoka kwenye kompyuta, linajibu mita. Kaka akapiga makofi. Mimi nikacheza.

Siku ya mwisho ya mwezi ikafika. Shemeji akaenda ofisini kwa Injinia, chini ya kilima, mimi nikabaki tangini na mzee na simu. Sanduku nimelifunga ukutani, boya limo majini, kebo imechomekwa. Vitu vya mzee vilikuwa tayari mlangoni: sanduku la bati, godoro limekunjwa, kiti kimoja. Alivifunga mwenyewe tangu asubuhi.

"Mzee, unafungasha nini na mimi nipo?" nikamwambia.

"Ndiyo maana nafungasha," akajibu.

Simu ikalia. Ilikuwa shemeji, sauti iko chini. "Shem, limewaka?"

"Linawaka kama macho ya paka."

"Huku kwenye mashine linaonekana jekundu. Halipo."

Nikalitazama. Kila baada ya sekunde kumi taa ya kupokea ilikonyeza mara moja, kisha kimya. Taa ya kujibu haikukonyeza. Ofisi inaita, sanduku linasikia, sanduku linanuna. Nikapuliza waya, nikachomoa, nikachomeka. Nikalipiga kofi kidogo. Kimya. Kwenye simu nikamsikia Injinia nyuma yake, "Dada, mmejitahidi. Saa kumi nafunga ripoti."

Ilikuwa saa nane na nusu. Mzee alikuwa amesikia. Akavua kandambili zake, akashika ngazi.

"Mzee! Unakwenda wapi?"

"Kusoma maji. Mpaka saa kumi kazi bado ni yangu."

"Magoti, mzee!"

"Nilipanda kabla hujajua kuvaa suruali, Mdomo. Kaa na sanduku lako bubu."

Akapanda. Nikabaki chini, simu sikioni, shingo juu. Alipumzika kila baada ya vipandio vitano. Nikamweleza shemeji baba yake yuko wapi, na nikasikia anavuta pumzi. Halafu akamuuliza Injinia kitu ambacho sisi wiki tatu hatukuuliza: "Mashine yako inapoita kituo, inasema nini kwanza?"

"Inasalimia tu. Kituo kikiitikia, ndiyo inauliza mita. Kisipoitikia inakipita, inasema hakipo."

Nikajua huko kuna kifuniko kinatafunwa.

"Kosa ni langu," shemeji akasema. "Nipe nusu saa."

Injinia mwenyewe akampandisha kilimani kwa pikipiki yake. Shemeji akashuka na kompyuta ya kuazima kifuani kama mtoto, akamwangalia baba yake, alikuwa kipandio cha arobaini na kitu, amekumbatia chuma.

"Baba, kaa hapohapo!"

"Fanya yako, mama! Mimi nafanya yangu!"

Akakaa chini sakafuni. Kipande cha salamu alikuwa nacho, hatupi kitu yule. Kuandika upya haikuwa kazi. Kazi ilikuwa nafasi. "Natafuta baiti mia mbili," akasema. Kisha akanitazama.

"Usithubutu," nikamwambia.

"Shem."

"Ile ya mwisho iache, ya *ukimkosa msubiri*."

"Shem, baba yuko ngazini."

Akafuta yote minne. Mkono wa Dhahabu akafa pale, bila hata mashahidi. Akapakia programu, akazima, akawasha. Sekunde kumi zile, nakwambia, nilizeeka miaka miwili. Taa ya kupokea ikakonyeza. Na ya kujibu ikakonyeza. Tena. Tena. Kama watu wawili waliokutana njiani.

Injinia akapiga simu ofisini kwake. "Inasema nini? Soma." Akatega sikio. "Mita tatu na robo."

Wakati huohuo, kutoka juu kabisa ya kipandio cha sitini na mbili, sauti ya mzee ikashuka imekatika kwa pumzi: "Mita tatu na roboo!"

Shemeji akafunika uso. Injinia akatoa moja ya zile kalamu zake ajaze ripoti, akakumbuka, akaniomba yangu.

Mzee nilimshusha mimi, kila kipandio namwekea bega chini ya mguu. Alipofika chini akaiangalia ile taa. "Kumbe lilikuwa halisalimii," akasema. "Mtu asiyeitikia salamu hata mimi nisingemwajiri." Akabeba godoro akalirudisha ndani.

Aliishi mle miaka tisa mingine, hakupanda tena. Alasiri alitoa kiti, akakaa anaangalia taa mbili zinavyokonyezana, akisikia watu wakisifu anasema, "Binti yangu huyo." Shemeji na kaka walihamia mbali, kwa watoto wao. Kila tukizungumza kwa simu namtania, "Shem, umekumbuka kuitikia salamu leo?" Na mtaani nimeisimulia hadithi hii mara mia: jinsi shemeji msomi alivyosahau salamu, na mimi nikaokoa jahazi kwa kutoa jina langu. Anacheka tu. Hajawahi kunikanusha.

Jana nimelifungua lile gazeti. Risasi yangu bado inang'aa, kazi ya mtu. Nikalipa umeme, nikachomeka kebo, nikalisalimia. Miaka yote ile ya vumbi, na likaitikia salamu ya kwanza tu.

Nilikosea. Shemeji hakusahau chochote. Alitaka kufuta mistari yangu minne ili salamu ibaki, na mimi ndiye niliyemwambia akate salamu.