Ulezi wa Mlango Uliofungwa

Juzi nimekuta unga wa ulezi dukani mjini Sumbawanga, kwenye pakiti inayong'aa, umeandikwa "kwa afya bora". Nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akaniangalia vibaya. Angemjua bibi yangu, tungecheka wote.

Enzi za Ujamaa, kijijini kwetu njia ya Mpui, kipupwe kilinukia ulezi mkavu na togwa. Zamani akina mama waliupura nje, vumbi likachukuliwa na upepo. Bibi ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo, wenzake wanaitikia kwa fimbo. Sauti yake, rafiki yangu, ulikuwa unaisikia ukiwa bado bondeni na ng'ombe.

Basi mwenyekiti wa kijiji akaamua ulezi wa shamba la ujamaa upurwe ndani ya ghala, mlango umefungwa. Eti usiibiwe. Ghala la bati, dirisha hakuna. Akina mama wanatoka humo weupe kama wamepakwa unga, wanakohoa hadi wanashika ukuta. Yeye mwenyekiti yuko nje, anaota jua.

Bibi akamwambia, "Mwanangu, tufungulie hata kidogo. Kuna mwizi wa vumbi hapa?"

"Mama, taratibu ni taratibu."

Taratibu! Bibi mwenye duka mjini, wa rika la bibi yangu, alikuwa anashinda kibarazani na kahawa yake, anapanda kilima huku anapiga soga. Wangu akifika nusu anakaa chini. Watu wa mjini wakasema kikohozi kile ni cha ukoo wetu. Ukoo gani, wakati baba na babu hawakohoi, wanalima nje?

Tukampeleka zahanati. Mganga akamsikiliza kifua, akasema, "Bibi, acha kiko."

"Sijawahi kuvuta, baba. Ninunulie kwanza, nianze, ndipo niache."

Mganga hakucheka. Akampa vidonge, kesho yake bibi akarudi ghalani.

Mwaka uliofuata aligoma, akakaa nje. Mkutanoni wakamwita mvivu. Pumzi ikarudi kidogo, sauti haikurudi. Krismasi alisimama na kwaya akifungua mdomo tu. Mimi niliyekuwa ubavuni pake nilisikia kifua kikikoroma, basi.

Siku hizi kuna mashine ya kupura, na nyimbo zile hakuna anayezijua. Bibi tulishamzika. Mwenyekiti yupo, mzee kweli, mzima wa afya. Jumapili anaimba besi hadi madirisha ya kanisa yanatetemeka.