Barabara ya Baba

Watu wakisikia nina leseni ya urubani binafsi, swali la kwanza huwa kama siogopi. Najibu kwamba naogopa sana, na asiyelipenda jibu hilo shauri yake. Rubani asiyeogopa mimi sipandi ndege yake.

Kabla hawajakuruhusu kushika usukani unapelekwa kwa daktari. Wangu, pale Arusha, alinipima moyo na masikio haraka haraka, kisha akakaa sana kwenye macho. Akauliza kama nyumbani kuna mtu mwenye presha ya macho. Nikasema hakuna. Akanieleza ugonjwa huo unavyokuja: hauumi, unakula pembeni kwanza, na mtu anaanza kugonga vikombe na milango huku akidai anaona vizuri. Nilikuwa nimetoka nyumbani Ganako, kule Karatu, siku chache tu kabla, na baba alikuwa ameangusha kikombe cha chai kilichokuwa kando ya mkono wake, kisha akamgombeza mama kwa kukiweka vibaya.

Macho yangu yalikuwa mazima. Daktari akasema nirudi kupimwa kila mwaka, maana ugonjwa huo hufuata damu. Ya baba, tulipompeleka, yalikuwa yamekwenda mbali. Wakampa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, na hakuna aliyetaka kusema kingedumu mpaka lini.

Baba alikuwa dereva wa watalii. Ujana wake wote aliumalizia kwenye ile barabara ya kupanda kutoka Karatu kwenda ukingoni mwa kreta, lile bonde kubwa la volkano lenye wanyama. Ukungu ukifunga, alishusha kioo, akatoa kichwa nje, akafuata ukingo wa udongo mwekundu na kupiga honi kila kona, huku wageni nyuma wakisali kwa lugha zao. Alikuwa na msemo mmoja tu: barabara haimtupi mtu. Tulipotoka hospitali aliomba kitu kimoja. Nikipata leseni nimrushe, aione kreta yote kwa juu, mara moja, kabla macho hayajafunga. Aliomba kwa utani, akasema nauli atalipa kwa kunipigia honi. Mama alianza kucheka, halafu akaondoka kwenda jikoni.

Basi nikasoma kwa pupa. Nilidhani urubani ni kujifunza kupaa, kumbe kupaa ni kazi ndogo. Mwalimu wangu, mtu mkavu asiyejua kusifia, alinifundisha kugeuza. Tukiwa angani, hewa safi, safari imenoga, ghafla anasema, "Geuza." Hatoi sababu. Nilimchukia kwa hilo. Siku moja nikamuuliza kama ananikomoa. Akajibu kwamba leseni ninayoitafuta ni ya kuruka kwa macho, kwamba mawingu hayaingiliwi, na kwamba kugeuza kunauma, ndiyo maana inabidi mkono uzoee.

Asubuhi ya safari yetu baba alivaa koti lake la zamani la kazi. Taarifa ya hali ya hewa ilisema ukungu ungenyanyuka. Tukavuka ziwa Manyara, tukapanda juu ya mashamba mekundu ya Karatu, nikamwonyesha bati la nyumba yetu. Alikuwa akigeuza kichwa upande upande kama kuku anayetafuta punje, akitafuta pembe ya jicho inayoona. Sijui kama bati aliliona. Alisema ameliona.

Mbele yetu ukingo haukuwepo. Palikuwa na wingu, zito, limekaa juu ya msitu kama mtu aliyekalia kiti chake. Chini yake tu ndipo palibaki uwazi mdogo, na barabara ilikuwa inaingia humo.

"Ingia hapo, mama," baba akasema. Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Fuata barabara. Ukimaliza kona ya pili panafunguka."

Kwetu neno la baba halirudishwi. Na hii ilikuwa barabara yake, naijua kona kwa kona tangu nikiwa mtoto wa kukalia mapajani mwake. Nikaifuata. Lakini gari likipanda mlima linabebwa na barabara, na ndege haibebwi na kitu. Barabara ilipanda, wingu halikupanda. Miti ikaanza kuwa mikubwa. Nikaanza kuona tawi na tawi, na zile nyuzi za kijivu kama mvi zinazoning'inia kwenye matawi. Vipande vya ukungu vikapita chini ya bawa. Injini ilikuwa inakohoa hewa nyembamba.

"Nyoosha tu," akasema.

Nikatupa jicho kwake. Mkono wake ulikuwa unapapasa mlangoni, unatafuta kile kishikio cha kushushia kioo, ili atoe kichwa nje. Ndipo nilipojua kwamba haoni kitu. Alikuwa anaendesha kwa kumbukumbu.

"Nageuza, baba."

"Usigeuze. Tumefika."

Nikageuza. Bawa lilielekea kwenye miti, na kwa muda sikuona ila majani. Kisha mashamba yakarudi mbele yetu, na jua. Nikamrudisha baba Arusha. Alipokuwa anashuka alikosa kipandio, nikamdaka.

Tukasema tutajaribu tena. Mvua zikaanza, ukingo ukafunga wiki baada ya wiki, na kiangazi kilipofika macho yake hayakuwa na kazi tena. Nilipompa habari mwalimu wangu alisema niligeuza kwa kuchelewa. Hiyo ndiyo pongezi niliyopata.

Mwaka huu daktari alilitazama jicho langu la kushoto mara mbili, akaandika kitu, akasema nirudi mapema zaidi. Nyumbani sijamwambia mtu.

Siku hizi baba hukaa nje asubuhi, uso ameuelekeza kule juu. Akisikia nimetoka huuliza kama kumefunga. Juzi ukingo wote ulikuwa mweupe kwa jua, hakuna hata uzi wa wingu, ungeweza kuhesabu miti.

"Kumefunga, baba," nikamwambia. "Hakuonekani kitu."

Jua lilikuwa linampiga usoni, na nilipomshika bega koti lake lilikuwa la moto.

"Basi," akasema, "ulifanya vizuri kugeuza."